Paka kanyonyoka duara duara? Namna ya kumaliza fangasi wa paka na mbwa nyumbani, mwanzo mpaka mwisho

Kabla ya yote nikwambie kitu kimoja, kale kakipara ka mviringo unakokaona juu ya sikio la paka wako ndo sehemu ndogo kabisa ya tatizo. Tatizo liko kwenye manyoya, na manyoya saa hii yako kwenye kochi, kwenye neti, kwenye kanga yako na chini ya friji. Ukikazana kupaka kipara tu utapaka mpaka mwakani.

Mimi nimejifunza kwa kulipia. Shemeji alituletea kapaka kutoka soko la samaki Feri, kadogo, kananuka mpaka watoto wakakapa jina Shombo. Wiki ya pili nikaona juu ya sikio la kulia pamenyonyoka, saizi ya sarafu ya shilingi mia, nikaona isiwe tabu, nikachukua ile krimu ya tatu kwa moja ambayo kila nyumba inayo kwenye droo, nikapaka. Siku ya tatu wekundu umeisha, nikajipongeza. Wiki ya tatu Shombo ana vipara vitano, mtoto wangu ana duara mkononi, na mama mkwe ana duara shingoni kwa sababu yeye ndo hukaa na paka begani akiangalia taarifa ya habari. Hapo ndo nikaanza kutafuta akili.

Yaani iko hivi. Kwa paka, na mara nyingi kwa mbwa pia, huyu fangasi anaitwa Microsporum canis, na usidanganywe na jina, hilo canis ni la mbwa ila makazi yake hasa ni paka. Anakula keratini, ile protini ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Unywele ukishaliwa unakuwa dhaifu unakatika, na kila kipande kinachodondoka kimebeba vijimbegu, wataalamu wanaviita spora, ambavyo sehemu kavu vinaweza kukaa hai hata mwaka na nusu. Binadamu anajua madhara yake kwa majina ya mapunye (kichwani) na choa. Habari njema ni kwamba hao spora hawazaliani kwenye kochi lako kama ukungu wa ukutani, wanangoja tu ngozi. Kwahiyo nyumba inasafishika, tutafika huko.

Wapo wengine wawili wa kuwajua kwa haraka. Kuna anayeishi kwenye udongo, huyu anapata mbwa wachimba mashimo, unakuta kidonda kiko puani na kwenye miguu ya mbele. Na kuna Trichophyton mentagrophytes anayetoka kwa panya, kwahiyo paka mwindaji hodari anaweza kuja naye kama zawadi. Hata sungura na simbilisi wanaye.

Hatua ya 1: Mkague vizuri, mchana, kwenye mwanga

Mpeleke barazani. Angalia masikio nje na ndani, kuzunguka macho, kidevu, miguu ya mbele, katikati ya vidole, halafu mkia. Unachotafuta ni sehemu iliyonyonyoka, manyoya yake yamekatika yakabaki mafupi kama ndevu za jana, na ngozi ina unga unga wa kijivu kama majivu ya sigara. Pembeni panaweza kuwa pekundu. Ila kuna paka, hasa wale wa manyoya marefu wa Kiajemi, wanabeba fangasi bila alama yoyote unayoiona, wako vizuri kabisa, na wanagawa tu. Ndo maana ukiwa na paka watatu na mmoja kanyonyoka, hesabu umepata wagonjwa watatu mpaka vipimo viseme vingine.

Wanaopata sana ni watoto wa paka, wazee, wenye njaa, wenye minyoo na viroboto, na wale waliorundikwa wengi sehemu moja. Na unyevu unachangia, masika ya huku Pwani ngozi haikauki, kila kamkwaruzo ka kiroboto ni mlango.

Sasa usichanganye na hivi vitu vingine:

Upele wa mbwa, ule wa vidudu vinavyochimba ngozi, unawasha vibaya sana, mbwa halali. Jaribu hivi, kunja ncha ya sikio lake ulisugue na kidole taratibu, ukiona mguu wa nyuma unaanza kupiga teke hewani kama anajikuna, mshuku huo upele kwanza. Fangasi wa duara kwa kawaida hawashi sana, wengine hawawashi kabisa.

Viroboto, manyoya yanaisha mgongoni karibu na mkia. Chana uone kama kuna punje nyeusi, ziweke kwenye karatasi nyeupe yenye maji, zikiacha rangi nyekundu kama kutu hicho ni kinyesi cha kiroboto.

Halafu kuna hamira ya ngozi, Malassezia, hii ni ya mbwa zaidi. Ngozi inakuwa na mafuta, nyeusi, nene kama ya tembo, kwapani, shingoni chini, katikati ya vidole, na masikio yana nta ya kahawia. Harufu yake utaijua tu, kama soksi zilizosahaulika ndani ya kiatu cha mpira. Hii haiambukizi kama ile ya duara kwa sababu hamira hiyo ipo kwa kila mbwa, inachofanya ni kuzidi pale ngozi ikishaharibika, mara nyingi sababu ya aleji. Dawa zake zinafanana na za huku, shampuu mara mbili kwa wiki, ila usipotafuta aleji yenyewe itarudi kila baada ya miezi miwili na wewe utalaumu shampuu.

Hatua ya 2: Usipake kitu chochote, nenda kwa daktari wa mifugo

Najua inauma kusikia hivyo, dawa unayo mkononi na kidonda unakiona. Ila krimu ya tatu kwa moja ina steroidi ndani, ndo inayoondoa wekundu, wakati huohuo inaituliza kinga ya ngozi na fangasi anatembea kwa raha zake. Ndo yaliyomkuta Shombo. Na ukishapaka mafuta mafuta unaharibu vipimo pia.

Tena naomba niseme hapa hapa vitu vya kutomwekea paka kabisa, kwa sababu paka anajilamba, chochote unachompaka amekinywa, na ini lake halina uwezo wa kuvunja vitu vingi ambavyo la mbwa au letu linaweza. Mafuta ya Whitfield tunayowapaka watoto wenye mapunye, usiweke, yana asidi ya salisili ambayo ni sumu kwa paka. Mafuta ya mti wa chai, usiweke. Oili chafu ya gari, mafuta ya taa, na dawa ya josho la ng'ombe, jamani. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaua paka. Na zile dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, hizo zote weka mbali na paka.

Kwa dokta kuna vipimo vinne vinavyoeleweka. Kwanza taa ya Wood, taa ya mwanga wa zambarau ambayo madaktari wanaitumia kutafuta fangasi wa nywele tangu 1925. Gizani, shina la unywele wenye Microsporum canis linang'aa kijani cha tufaha. Unywele wenyewe ndo ung'ae, sio magamba wala vumbi, maana vumbi, krimu na nyuzi za nguo zinang'aa pia ila kwa bluu au weupe. Mtu ataniambia ana kile kitochi cha wakala cha kukagulia noti, ndiyo, wazo ni lilelile, ila taa inatakiwa iwe nanomita 365 hivi na vitochi vingi vya bei poa ni 395, vinamwaga zambarau tupu mpaka huoni kitu. Na paka asipong'aa haina maana yuko salama, yule fangasi wa panya na yule wa udongo hawang'ai.

Pili ni kuangalia unywele kwenye hadubini. Tatu ni kuotesha, na hapa kuna ujanja naupenda sana, dokta anachukua mswaki mpya, wa kawaida kabisa wa dukani, anamswaki paka mwili mzima kwa dakika mbili tatu, akianzia sehemu nzima anamalizia kwenye vidonda, halafu anaugusisha mswaki kwenye chakula cha maabara. Majibu yanaweza kuchukua mpaka wiki mbili tatu. Nne ni kipimo cha DNA, kinatoka haraka pale kinapopatikana. Ukiwa na paka wengi kila mmoja na mswaki wake, na usisubiri majibu ya kuotesha ndo uanze kuosha na kusafisha, anza siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Mtengee sehemu

Chagua chumba kinachodekika, kisicho na zulia wala kochi. Sisi tulitumia stoo baada ya kuitoa magunia. Weka bakuli, sanduku la mchanga, na kitu cha kulalia unachoweza kufua, taulo la zamani linatosha. Akiwa mtoto usimfungie huko kama mahabusu, wiki zile za mwanzo ndo anajifunza watu, ingia naye mara tatu nne kwa siku ukae ucheze naye umevaa gauni moja la kazi na glavu, ukitoka unabadilisha na kunawa.

Watoto wadogo, mama mjamzito, wazee na yeyote mwenye kinga ya chini wasimshike mpaka apone.

Hatua ya 4: Kuosha mwili mzima, mara mbili kwa wiki

Hapa ndo kazi ilipo. Tunaosha mwili wote kwa sababu spora wako mwili wote, hata pale palipo na manyoya mazuri. Dawa inayotakiwa ni shampuu yenye mikonazoli na kloheksidini pamoja, asilimia 2 kwa 2 ndo ya kawaida. Kloheksidini ikiwa peke yake haitoshi, soma kopo. Nyingine inayofanya kazi vizuri ni salfa ya chokaa, inachanganywa na maji unammwagia na humsuuzi, inanuka mayai viza na inageuza bangili za fedha kuwa nyeusi, vua. Ipo pia enilkonazoli. Ulizia kwenye maduka ya dawa za mifugo ya mjini, ya vijijini mara nyingi wana za ng'ombe na kuku tu.

Kama ana manyoya marefu, yapunguze kwa mkasi butu, kuzunguka vidonda hasa, taratibu. Mashine ya kunyolea inakwangua ngozi na kila mkwaruzo ni shamba jipya la fangasi. Fanya juu ya gazeti, kunja gazeti na manyoya yake, funga kwenye mfuko, choma au tupa.

Kumwosha paka sasa. Kata kucha jana yake. Tandika taulo chini ya beseni ndani asiteleze, paka akiteleza ndo anapandwa na wazimu. Maji ya uvuguvugu yafike tumboni. Mtu mmoja anashika ngozi ya shingo kwa upole na kuongea naye, mwingine anamwagia kwa kikombe, usimpige maji ya usoni. Paka shampuu kinyume na manyoya ifike kwenye ngozi, usoni na masikioni tumia pamba uliyoilowesha. Halafu subiri dakika kumi, kwa saa, sio kwa makadirio. Dakika kumi ukiwa umeshika paka aliyelowa ni ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, sisi tulikuwa tunamfunga kwenye taulo kama mandazi kwenye kitambaa tunampa vipande vya dagaa. Suuza, kausha vizuri kabisa, maana kumwacha mbichi unampa fangasi anachokipenda.

Zile krimu za klotrimazoli au mikonazoli tupu, zisizo na steroidi, dokta anaweza kukuruhusu upake usoni ambapo shampuu haifiki vizuri. Hapo zina kazi. Peke yake hazimalizi.

Hatua ya 5: Dawa ya kumeza

Kuosha kunaua walio juu, ya kumeza inamkuta yule aliye ndani ya shina la unywele. Kwa paka inayopendwa zaidi ni itrakonazoli, na mpango unaotumika sana ni wiki moja ampe kila siku, wiki inayofuata apumzike, mizunguko mitatu. Kipimo chake ni miligramu 5 kwa kila kilo, yaani paka wa kilo 3 anahitaji 15 tu, wakati kidonge cha binadamu cha duka la dawa ni miligramu 100. Umeelewa kwa nini usikifungue ukamgawia kwa kijiko. Dokta akuandikie ya maji, ina vipimo vinavyoeleweka.

Terbinafini nayo inatumika. Griseofulvini, ile ya zamani, bado ipo sana huku kwetu kwa sababu ya mapunye ya watoto, inafanya kazi ikiliwa na chakula chenye mafuta, ila paka mwenye mimba haruhusiwi kabisa, inaharibu vitoto tumboni, na paka wenye virusi vya upungufu wa kinga vya paka inaweza kuwaangusha damu. Ketokonazoli kwa paka iepuke, ini na matapishi. Akiacha kula, akatapika, au macho na fizi zikawa za njano, simamisha umpigie dokta siku hiyo.

Hatua ya 6: Nyumba

Wengi wanaanza na jiki. Usianze na jiki. Jiki ikikuta uchafu na manyoya inaishiwa nguvu, na ikikuta mkojo wa paka inatoa hewa inayokaba koo. Anza kuokota manyoya. Na usifagie kavu na fagio la chelewa, unayarusha juu yanatua kwenye neti. Tumia tambara lenye maji kidogo, selotepu pana kwenye kochi, mashine ya kufyonza vumbi kama unayo, na dekio. Vitu vya kutupa tupa bila huruma, kamba ya shingoni, kitanda cha sponji, kile kipanya cha nyuzi.

Halafu sabuni na maji, sakafu yote na ukuta mpaka usawa wa kiuno. Suuza. Ndipo jiki, nusu lita kwenye ndoo ya lita 10, ya kuchanganya siku hiyohiyo, sehemu ibaki imelowa dakika kumi, madirisha wazi, paka na watoto nje, kisha suuza. Usichanganye na siki wala dawa nyingine yoyote. Chumba cha paka fanya hivi mara mbili kwa wiki, siku anazooga ndo rahisi kukumbuka, na manyoya okota kila siku.

Nguo, mashuka na mataulo ni kufua mara mbili kwa sabuni, maji mengi, usijaze mashine, kwa mkono badilisha maji. Maji baridi yanatosha, kinachofanya kazi ni msuguano unaotoa manyoya. Anika juani, ila jua usilitegemee peke yake. Kochi la kitambaa sabuni kwa brashi mara mbili tatu, kila mara likauke kabisa.

Bebeo la paka na kiti cha gari pia. Mimi hapo nilisahau, nikamrudisha Shombo kutoka kwa dokta ameoga, ndani ya kikapu kilekile kilichomleta.

Hatua ya 7: Watu wa nyumbani

Duara mkononi, shingoni, tumboni, muone mhudumu wa afya au mfamasia, mara nyingi ni klotrimazoli au terbinafini ya kupaka, uendelee wiki moja hivi baada ya alama kupotea. Ya kichwani haiponi kwa kupaka, mpeleke mtoto hospitali apewe ya kumeza, na mwambie dokta kwamba nyumbani kuna paka mwenye fangasi, maana huwa hawaulizi. Tusichangie taulo, kitana wala kofia kipindi hicho.

Hatua ya 8: Lini unaacha

Sio siku manyoya yanapoota. Paka mwenye afya njema hata bila dawa anaweza kupona mwenyewe ndani ya miezi miwili mpaka minne, shida ni kwamba miezi yote hiyo anagawa. Kwa matibabu kamili tegemea wiki sita mpaka kumi. Unaacha pale ngozi imepona na mswaki wa maabara umerudi safi, na kama nyumba ina paka wengi, au paka ana ugonjwa mwingine, dai mswaki wa pili uwe safi pia. Huku nyuma dokta anaweza kukwambia kipimo bado kina spora wachache wakati paka anapendeza, hapo shuku nyumba kabla ya dawa, kuna sehemu hujaokota manyoya.

Shombo alichukua wiki tisa, mbili kati ya hizo ni za kikapu. Mwezi uliopita shemeji kanipigia yuko Feri, kaona kengine kazuri kana madoa meupe. Nikamwambia kalete, ila kanafikia stoo, wiki tatu, na apitie dukani anunue mswaki mpya.